Pochi Bila Maneno 12: Walichotatua Sui na Walichobakiza

Anayefungua pochi ya sarafu za kidijitali kwa mara ya kwanza hupewa maneno 12 au 24, kwa kawaida ya Kiingereza, yaliyochotwa kwenye orodha ya maneno 2,048 ya kiwango kiitwacho BIP-39. Huambiwa ayaandike karatasini, ayafiche, asimwonyeshe mtu. Akiyapoteza, hakuna dawati la huduma kwa wateja la kupigia simu. Mwingine akiyaona, anaweza kuhamisha mali yote papo hapo, na muamala ukishapita haurudi.

Kampuni nyingi hukikwepa kikwazo hicho kwa kutunza ufunguo unaotokana na maneno hayo kwenye seva zao na kumwachia mteja nenosiri tu. Hapo kuingia ni rahisi, ila mali iko mikononi mwa kampuni. Hata ufunguo ukikaa kwenye simu ya mteja, uzembe mmoja unatosha kuharibu kila kitu. Agosti 2022, maelfu ya pochi kwenye mtandao wa Solana yalikombwa, na uchunguzi ukabaini kuwa programu ya Slope ilikuwa ikituma maneno ya siri ya wateja, bila kuyafumba, kwenye seva ya kufuatilia hitilafu.

Kampuni ya Mysten Labs, iliyobuni mtandao wa Sui uliozinduliwa Mei 2023, ilijaribu njia nyingine mwaka huohuo na kuiita zkLogin. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza: kila mtu anapoingia mahali kwa akaunti ya Google, Google hutoa tokeni yenye saini yake. Kwa nini saini hiyo isifanye kazi ya ufunguo wa kudumu?

Ndani ya kitufe kimoja

Tumfuate mtumiaji anayebonyeza “Ingia kwa Google”. Kabla ya kumpeleka huko, programu inaunda jozi ya funguo za muda ndani ya simu yake. Kisha inachukua ufunguo wa umma wa jozi hiyo, tarehe ya mwisho ya kuutumia na namba ya kubahatisha, na kuvisaga kuwa hashi moja. Hashi hiyo inapachikwa kwenye ombi la kuingia, katika sehemu iitwayo nonsi, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuzuia tokeni ya zamani isitumike tena.

Google inamhakiki mtu wake kama siku zote, halafu inarudisha tokeni yenye namba ya akaunti, kitambulisho cha programu iliyoomba na ile nonsi, vyote chini ya saini moja. Hapo ndipo ujanja ulipo. Google imeuidhinisha ufunguo wa muda bila hata kujua kwamba kuna blokucheni upande wa pili, wala haikubadili chochote kwenye mfumo wake.

Tokeni hiyo haiwezi kupelekwa kwenye blokucheni ikiwa wazi, kwa sababu yeyote angeweza kuiunganisha akaunti ya Google na salio la mwenyewe. Kwa hiyo kinachopelekwa ni uthibitisho wa kihisabati wa aina ya Groth16, unaothibitisha jambo bila kufichua siri iliyomo. Uthibitisho huo unasema mambo matatu: ipo tokeni halali ya Google, nonsi yake imebeba ufunguo huu wa muda, na anwani hii imetokana na namba ya akaunti, kitambulisho cha programu na namba ya ziada ya siri iitwayo chumvi. Bila chumvi, anayeijua namba ya akaunti yako angeweza kukokotoa anwani yako.

Hesabu ya kutengeneza uthibitisho ni nzito kwa simu ya kawaida, hivyo kwa kawaida hufanywa na seva. Seva hiyo inaiona tokeni, kwa hiyo faragha yako iko mikononi mwake. Kuiba haiwezi, maana ufunguo wa siri wa muda hautoki kwenye simu. Uthibitisho mmoja unatosha mpaka ufunguo huo uishe muda, na muda wenyewe hupimwa kwa vipindi vya Sui, ambavyo kila kimoja ni takribani saa 24.

Hatari ilihamia wapi

Kazi hii inastahili sifa. Mwizi wa simu anakuta ufunguo unaokufa baada ya siku chache, na Google peke yake haiwezi kuhamisha mali bila chumvi. Lakini chumvi inakaa wapi? Programu nyingi huiweka kwenye seva inayompa yeyote aletaye tokeni halali. Basi aliyeteka akaunti yako ya Google anapewa na chumvi, na kufuli mbili zinageuka moja. Ukiamua kuitunza mwenyewe, ukiipoteza umepoteza anwani. Karatasi imerudi kwa jina jingine.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, kiungo dhaifu kinafahamika: laini ya simu. Tapeli akifanikiwa kuisajili upya laini yako, anapokea ujumbe wa kurejesha barua pepe, na akishaingia kwenye barua pepe, pochi inamfungukia bila kuvunja hesabu yoyote. Kuna na hili: anwani imefungamana na kitambulisho cha programu. Kampuni ikifunga na kitambulisho chake kwa Google kikafutwa, tokeni ya kuifungulia anwani hiyo haipatikani tena.

Dawa ipo ndani ya Sui yenyewe. Akaunti ya saini nyingi inaweza kuwa na watia saini hadi 10, na zkLogin inaruhusiwa kuwa mmoja wao. Weka Google, Apple na ufunguo wa kifaa maalumu, kisha dai saini mbili kati ya tatu. Ukipoteza kimoja hufungiwi nje. Ukiibiwa kimoja huibiwi mali. Tatizo ni kwamba anwani hukokotolewa kutokana na orodha ya watia saini, hivyo kumwongeza mmoja baadaye ni kuhamia anwani mpya na mali yote. Akaunti za mikataba za Ethereum, zinazofuata kiwango cha ERC-4337 kilichoanza kutumika Machi 2023, zinaweza kubadili funguo huku anwani ikibaki ileile.

Kwa hiyo mjenzi wa programu aamue mapema. Salio dogo la mchezo au pointi za dukani linatoshwa na kuingia kwa Google peke yake. Salio likikua, programu imtake mteja aweke mtia saini wa pili, na imlazimishe kabla hajapata hasara. Na kabla ya kusifiwa kwa jinsi mteja anavyoingia haraka, ieleze kwa sentensi mbili jinsi aliyepoteza simu, laini na barua pepe kwa mkupuo atakavyorudi, na kwa nini tapeli hawezi kupita njia hiyohiyo. Isiyoweza kueleza hayo haijafikia kukabidhiwa akiba ya mtu.