Tembe na Kaya: Upungufu wa Tafsiri Mbili

Neno tembe lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Kwa watu wa pwani, atajaye tembe huenda akadhaniwa kuwa ataja kuku jike asiyeanza kutaga. Lakini Mpwapwa na Kibakwe, hata kuelekea Uhehe, tembe ni nyumba. Wala matumizi hayo si mapya, kwani Burton, aliyepita Ugogo katika safari yake ya 1857 hadi 1859, aliyakuta na kuyaandika.

Kwa desturi tembe hufasiriwa kuwa ni nyumba ya udongo yenye paa bapa. Tafsiri hiyo si ya uongo, ila ni nusu ya maneno. Kwanza, haisemi sababu ya paa lenyewe. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, katika msimu mmoja wa kutoka Desemba hadi Aprili. Udongo uliopangwa juu ya boriti huweza kustahimili, na wakati wa mavuno mtama huanikwa papo hapo juu. Lau paa hilo lingejengwa Tanga, lisingemaliza masika moja.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, tafsiri yatazama juu tu, ikauacha uwanja. Tembe kubwa huuzunguka uwanja wa ng'ombe, na vyumba vya wake na watoto huelekea huko. Wenyeji huiita jumla hiyo kaya: majengo, watu na mifugo pamoja. Samadi ya uwanjani ndiyo iliyorutubisha mashamba ya karibu, na mashamba hayo ndiyo yaliyotenga kaya na kaya. Kwa hiyo, ujirani wa Kigogo ulipimwa kwa shamba, si kwa ukuta.

Sasa tulitazame neno kaya katika Kiswahili cha leo. Katika sensa, kama ile ya 2022, kaya ni watu waishio na kula pamoja. Nyumba imetoka, ng'ombe wametoka. Hatusemi kwamba wahesabuji wamekosea, maana kazi yao yahitaji kipimo kimoja kwa nchi nzima. Lakini kamusi isiyotaja maana ya kwanza yamfanya msomaji asiweze kuelewa kilichotukia mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini na nyumba zikapangwa kwa safu. Kwa mwenye maana ya sensa, kaya ilihama nzima. Kwa Mgogo, kaya ilivunjwa, na watu wake ndio waliohama.

Mathias Mnyampala, mwenyewe Mgogo, alipotoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954, alionyesha kwamba Kiswahili chaweza kuyabeba mambo ya bara bila ya kuyavika kanzu ya pwani. Watunga kamusi wangefaa kumfuata. Matofali na bati vimekwisha kushika nafasi kubwa Kibakwe, wala hakuna haki ya kumlaumu mtu apendaye paa lisilovuja. Lakini wazee waliozaliwa ndani ya tembe wangali hai, na wanajua jina la kila pembe yake. Basi na waulizwe sasa, kabla tafsiri ile ya nusu haijabaki kuwa ndiyo ushahidi pekee.