Dadu la Slipa

Kifaa bora cha hisabati katika shule ya msingi ya Kitale au Bungoma kinaweza kutoka kwenye slipa iliyokatika kamba. Mwalimu anachukua wembe, anakata kisigino, sehemu iliyo nene, kuwa michemraba, kisha anaweka nukta kwa kalamu ya wino. Pande zinazotazamana sharti zijumlishe 7: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Dadu la namna hii linalishinda la dukani kwa jambo moja: likianguka juu ya dawati halipigi kelele. Mwenye darasa la watoto 60 anajua thamani ya hilo.

Mchezo wa kwanza hauhitaji maelezo. Watoto wawili, madadu mawili, rusha ujumlishe. Mtoto wa Gredi ya 1 akipata tano na tatu, ataigusa kila nukta kwa kidole, kuanzia moja hadi nane. Baada ya raundi nyingi, huku mwenzake akimharakisha, anaanza kuitambua tano kwa kuitupia jicho tu, kisha anaendelea kutoka hapo: sita, saba, nane. Ameacha kuhesabu vyote, sasa anaongeza. Hatua hiyo haiji kwa amri wala kwa kiboko. Huja kwa kurudiarudia, na sifa ya dadu ni kwamba marudio yake hayachoshi. Mwandikie mtoto huyohuyo maswali 20 ubaoni uone atakavyopiga miayo.

Lakini dadu peke yake halifundishi. Ufundi uko kwa mwalimu anayepita kati ya madawati, anainama, anauliza: “Umejuaje?” Mmoja atasema alihesabu vidole. Mwingine atasema tano na tano ni kumi, akapunguza mbili. Bila swali hilo, kipindi kizima ni mapumziko yaliyochangamka tu.

Utafiti nao uko upande wa mchezo. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha matokeo yao kuhusu watoto wa chekechea wa familia maskini nchini Marekani. Vipindi vinne vifupi vya kucheza kwenye ubao wenye namba 1 hadi 10 viliinua uelewa wao wa namba, na wiki kadhaa baadaye faida ilikuwa bado ipo.

Kwa madarasa ya juu kidogo, kila mtoto huchora visanduku vitatu: mamia, makumi, mamoja. Dadu linarushwa mara tatu, na mwenye namba kubwa zaidi anashinda. Ikitoka 4 mwanzoni, uiweke wapi? Ukiipa mamia, huenda 6 ikaja ukaijutia. Thamani ya mahali, ambayo vitabu huieleza kwa kurasa nyingi, inageuka kuwa uamuzi wa mtoto mwenyewe.

Nukta pia hazina lugha. Kitale mjini, Mbukusu hukaa dawati moja na Msabaoti, Mturkana na Mkikuyu. 5 ya dadu wote huisoma sawa. Bungoma kuna msaada mwingine wa nyumbani. Wabukusu hutahiri wavulana katika miaka shufwa, hasa mwezi wa Agosti, kama ilivyokuwa 2022 na 2024. Mtoto aliyekulia huko hahitaji kuelezwa sana kwamba shufwa na witiri hupokezana zamu.

Wapo wazazi wanaosikia neno dadu wakafikiria kamari. Hofu yao si ya bure, katika nchi ambamo vijana hubashiri mechi kwa simu mchana kutwa. Hata hivyo, nadharia ya uwezekano yenyewe ilikuzwa na maswali ya wacheza kamari, yale ambayo wanahisabati Pascal na Fermat waliandikiana barua kuyahusu mwaka 1654. Na mchezo ninaoupenda kuliko yote ndio hasa unaowajibu wazazi hao. Mwalimu huchora njia za mbio, kuanzia 2 hadi 12. Kila mtoto huchagua njia, huweka kifuniko cha soda mwanzoni, na kukisogeza kila jumla ya madadu mawili inapoangukia namba yake. Wengi hukimbilia 12 kwa kuwa ndiyo kubwa. Lakini kati ya matokeo 36 yanayowezekana, 12 ina njia moja tu ya kutokea, na 7 ina njia sita.

Baada ya dakika chache mwenye 12 huomba kuhamia kwenye 7. Mwalimu mzuri hamkubalii mara moja. Anampa kwanza karatasi aandike kila njia ya kupata 7, kisha kila njia ya kupata 12.