Umma Katika Mhadhara wa Umma: Lugha na Haki ya Kujibu Katika Kumbi za Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Utangulizi

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hujivunia mihadhara ya umma. Mabango yake hutaja katiba, ufisadi, ardhi na ajira za vijana. Milango huachwa wazi na kiingilio hakitozwi. Makala haya yanauhakiki mhadhara huo kama utanzu wenye kanuni zake: nani hupewa jukwaa, nani huuliza, kwa lugha gani, na nini hubaki baada ya wasikilizaji kutawanyika. Hoja inayotetewa ni kwamba mhadhara huwa wa umma pale msikilizaji anapoweza kujibu, wala si pale tu anaporuhusiwa kuingia.

Jina la Kiswahili, hoja ya Kiingereza

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mfano ulio wazi, kwa kuwa kimezungukwa na jamii inayotumia Kiswahili katika takribani kila shughuli. Mwaka 1969 wanafunzi wake wa mrengo wa kushoto walianzisha jarida waliloliita Cheche. Lilipopigwa marufuku mwaka 1970, lilifuatiwa na MajiMaji. Majina yote mawili ni ya Kiswahili, na la pili lilibeba kumbukumbu ya vita vya wakulima dhidi ya Wajerumani. Hata hivyo, hoja zake ziliandikwa zaidi kwa Kiingereza. Mkulima alijadiliwa kwa undani katika lugha ambayo kwa kawaida asingeweza kuitumia kupinga wala kuunga mkono.

Mwaka 2008 chuo hicho kilizindua Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, Profesa Issa Shivji akiwa mshika kigoda wa kwanza. Jina liliteuliwa kwa busara, maana kigoda ni kiti cha chini kisichomtenga mkaaji na walio karibu naye. Shivji mwenyewe huandika na kuhutubia kwa Kiswahili na Kiingereza, na hilo ni hatua. Lakini mhadhara wa mgeni mashuhuri, ulio kilele cha tamasha, ulibaki na lugha ya zamani. Mwaka 2009 Wole Soyinka, ambaye tangu miaka ya 1970 amependekeza Kiswahili kiwe lugha ya bara zima, alihutubia kwa Kiingereza. Mgeni hana lawama. Swali linawahusu wenyeji: ni njia gani itakayomwezesha mwalimu wa shule ya msingi au mchuuzi wa Ubungo kuipata hoja ya namna hiyo na kuijibu?

Ushahidi ulio nje ya ukumbi

Utetezi uliozoeleka ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kubebea mijadala mizito. Utetezi huo unakanushwa na mambo yanayotendeka nje ya lango la chuo. Bunge la Tanzania hujadili bajeti kwa Kiswahili. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2013 iliandikwa kwa Kiswahili, na kwa lugha hiyohiyo wananchi walibishana kuhusu muundo wa serikali tatu. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama.

Neno mhadhara lenyewe lina maisha mawili. Chuoni ni hotuba ya mtaalamu. Mitaani, hasa tangu miaka ya 1980, ni mkutano wa dini katika uwanja wa wazi, ambapo vitabu vitakatifu hulinganishwa na msikilizaji husimama kuuliza akitarajia jibu papo hapo. Maudhui ya baadhi ya mikutano hiyo yamewahi kuzua uhasama na hayastahili kuigwa. Umbo lake, hata hivyo, linampa msikilizaji haki ambayo ukumbi wa chuo humpa kwa dakika chache za mwisho.

Kampala na Kigali

Hitimisho la Dar es Salaam haliwezi kuhamishiwa nchi jirani bila marekebisho. Mwaka 1970 Ali Mazrui na Walter Rodney walikabiliana katika mdahalo mashuhuri Makerere. Mazrui alikuwa Mswahili wa Mombasa, lakini mdahalo ulikuwa wa Kiingereza. Kudai kwamba Kiswahili kingeufungua mdahalo huo kwa raia wote wa Kampala ni kuipuuza historia. Waganda wengi walikijua Kiswahili kupitia kinywa cha askari, na lugha ya mitaa ya jiji hilo ni Kiganda zaidi. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sheria haifuti kumbukumbu. Nchini Rwanda, ambako Kiswahili kilipewa hadhi rasmi mwaka 2017, raia tayari wana Kinyarwanda cha kujadiliana mambo yao. Kukiingiza Kiswahili kwa amri katika kumbi hizo kutakuwa kubadilisha kufuli huku mlango ukibaki umefungwa.

Nafasi yake stahiki huko ni mijadala inayovuka mipaka: ushuru, ukaazi, uvuvi wa Ziwa Viktoria. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 uliamua Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana, na katika mambo hayo mfanyabiashara wa Busia anakihitaji kuliko mhadhiri.

Hitimisho

Washauri wa sera wanaweza kuanza na masharti matatu kwa kila mhadhara unaoitwa wa umma. Kwanza, muhtasari utolewe mapema katika lugha inayoeleweka zaidi kwa wakaazi wa eneo husika. Pili, muulizaji atumie lugha anayoimudu na tafsiri itolewe ukumbini. Idara za tafsiri zina wanafunzi wanaohitaji mazoezi ya aina hiyo. Tatu, kumbukumbu zichapishwe zikiwa na maswali na majibu, si hotuba peke yake. Chuo kisichoweza kutimiza masharti hayo kiuite mhadhara wake wa kitaaluma, jina ambalo nalo lina heshima yake, na kiache kuuhesabu umma ambao hakikuusikiliza.