Kitabu cha Manowari ya Rufiji, na Merikebu Zilizosahauliwa

Vijana wa Kibiti wasomao Kiingereza wamekuwa wakipokezana kitabu cha Wilbur Smith kiitwacho Shout at the Devil, kilichotoka mwaka wa 1968, na wengine wameiona sinema yake ya mwaka wa 1976. Wakipenda kwa kuwa chasimulia mto wetu. Mmoja wao alituuliza kwa nini habari za manowari Blücher hazimo katika somo la historia. Swali hilo ndilo lililotushika mkono tuandike.

Blücher haikuingia Rufiji kamwe. Iliyoingia ni Königsberg, manowari ya Kijerumani, mwaka wa 1914. Mtunzi amebadili jina, wala hatumlaumu, maana mtunga hadithi hakuapishwa kama shahidi. Utamu nao kitabu kinao: mambo yake yaenda mbio, na akianzaye jioni huchelewa kulala. Kosa twaliona kwingine. Ni kitabu cha vita vya baharini ambacho biashara ya bahari imesukumwa pembeni. Manowari yajificha mikokoni, O'Flynn na Oldsmith waiandama, bomu laingizwa ndani yake kwa hila, basi. Msomaji hukumbuka bomu, asikumbuke manowari ile ilitumwa kuwinda nini.

Ilitumwa kuwinda meli za biashara. Tarehe 6 Agosti 1914, karibu na pwani ya Oman, Königsberg iliikamata City of Winchester ya Waingereza, iliyochukua chai. Wakatwaa makaa yake, kisha wakaizamisha. Meli ya biashara iliyoipata ni hiyo moja tu. Lakini tarehe 20 Septemba ilipoipiga na kuiangamiza manowari Pegasus huko Unguja, hofu ilienea bahari nzima. Askari wa Kihindi walipoletwa kuishambulia Tanga mwaka uo huo, meli zao zilisindikizwa na manowari, mojawapo Goliath, nazo zikafika. (Mabaya yaliyowapata yaliwangoja nchi kavu.)

Kusindikiza huko ni kazi ya zamani kuliko makaa na mvuke. Siku za matanga merikebu za biashara zilikusanyika, zikangoja upepo, zikatweka pamoja, na zilizo nyepesi zikajizuia kwa ajili ya zilizo nzito. Manowari ya ulinzi ilipenda kukaa upande wa goshini, ili adui akitokea iweze kumshukia kwa upepo. Manahodha wa Delta hawana haja ya kuelezwa: aliye demani, akitaka kumfikia aliye goshini, hana budi kubisha, na wakati wapotea.

Na asipokuwapo mlinzi? Tarehe 3 Julai 1810, karibu na visiwa vya Komoro, katika bahari hii hii yetu, merikebu tatu za Kampuni ya Kiingereza ya India, Ceylon, Windham na Astell, zilikuwa zikienda Madras zimepakia askari, bila manowari hata moja pamoja nazo. Zikakutwa na manowari za Kifaransa Bellone na Minerve, na ndogo yao Victor. Merikebu za Kampuni zilikuwa na mizinga, wala watu wake hawakuwa waoga. Walipigana mpaka giza likaingia. Ceylon na Windham zikasalimu. Astell ikaponyoka usiku.

Hapa twaona shida ya mtunzi yeyote wa mambo haya. Mlinzi akifanya kazi yake vema, hakuna la kusimulia: shehena imefika, mabaharia wamelipwa, wamekwenda kwao. Mchungaji hatungiwi wimbo kwa usiku ambao fisi hakuja. Smith alipoikuta shida hiyo alichagua bomu, akaikwepa. Kweli ya Rufiji ilimpa jambo gumu na zuri zaidi, akaliacha. Tangu mwisho wa Oktoba 1914 mpaka Julai 1915 Waingereza walikaa nje ya milango ya mto wakingoja. Walizamisha meli ya makaa Newbridge katika mlango mmoja ili kuuziba. Waliitwaa Mafia, wakarusha eropleni kutoka huko. Mwishowe Severn na Mersey, manowari zisizohitaji maji mengi, zikaingia mtoni, na tarehe 11 Julai zikaipiga Königsberg hata nahodha wake Looff akaamuru ipasuliwe. Hakuna shujaa mmoja hapo. Kuna miezi minane ya jua, homa na kukodoa macho.

Tena wamo watu wa nchi hii. Mitambo ya mvuke ya Königsberg ilipoharibika, vipande vyake vilikokotwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa. Na baadaye mizinga yake 10 ikatolewa mtoni ikakokotwa vivyo hivyo. Kamba zilikuwa mabegani mwa Waafrika, na majina yao hatuyaoni katika kitabu chochote tulichopata kusoma.

Sisi twatamani kitabu kingine, tena kwa Kiswahili: cha nahodha wa jahazi mwaka wa 1915, amepakia boriti za mikoko za kwenda Arabuni, kusi imeanza kuvuma, na manowari za Waingereza zimeifunga pwani. Yeye ni mfanyabiashara kama wale wa City of Winchester, ila hakuna wa kumsindikiza. Aliyesikia habari hizo kwa babu yake, Salale au Simba Uranga, na aziandike kama alivyosimuliwa, atuletee.