Vyama vya Historia na Nchi ya Rufiji

Chama cha kutafuta habari za kale hupimwa kwa mambo mawili: nani akaaye kitini, na kazi gani yafanyika nje ya baraza. Watu wengi hulitazama la kwanza, maana laonekana upesi. Sisi twaona la pili ndilo lipasalo kutoa hukumu, nasi twataka kulijaribu katika nchi moja, yaani bonde la Rufiji na delta yake, pamoja na Kibiti, ambayo siku hizi ni wilaya peke yake.

Kazi ya zamani twaipata katika gazeti la Tanganyika Notes and Records, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1936. Waandishi wake wengi walikuwa mabwana shauri na maofisa wengine wa serikali ya Kiingereza. Katika namba ya 5, mwaka 1938, Bwana H. Marsland aliandika kurasa chache juu ya kilimo cha mlau. Msomaji asiyeijua Rufiji na ajue kwamba mto hufurika wakati wa masika. Mpunga uliopandwa mbele ya gharika hukua pamoja na maji. Tena maji yakipungua, watu hushuka bondeni kupanda mahindi na kunde katika tope lililo bichi bado, bila kungoja mvua. Kilimo hiki cha pili ndicho mlau, na wengine huandika mlao. Twamsifu mwandishi kwa kuwa hakulifukuza neno la wenyeji, bali aliliweka juu kabisa, katika jina la habari yake. Lakini upungufu wa gazeti zima ni dhahiri: lilinena Kiingereza, na mwenye kuandika alikuwa mtu wa kupita. Ofisa akihamishwa, ujuzi wake ulihama naye.

Baada ya uhuru wa 1961 viti vilibadilika. Gazeti likaitwa Tanzania Notes and Records, na kazi kubwa ikahamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chama cha Historia cha Tanzania. Terence Ranger, aliyefika mwaka 1963 kufundisha historia, aliondoka mwaka 1969. Mwaka huo huo Isaria Kimambo na Arnold Temu walitoa kitabu cha A History of Tanzania kwa jina la chama. Basi mlango ulifunguliwa na mgeni, na nyumba ikashikwa na wenyeji. Huo ulikuwa upokezi mwema, wala hatuna neno la kuutia dosari.

Katika vitabu vidogo vya chama kimoja chagusa Rufiji hasa, nacho ni Records of the Maji Maji Rising, kilichohaririwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe mwaka 1968. Ndani yake maneno ya wazee yamewekwa kando ya maandishi ya Wajerumani, ili msomaji apime yote mawili. Ni jambo kubwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, naye hakuacha barua wala daftari. Kama wazee wasingaliulizwa, tungalibaki na neno la waliomnyonga tu.

Hata hivyo twaona kasoro mbili. Ya kwanza ni lugha. Mzee alisema kwa lugha yake, kitabu kikasema Kiingereza. Na neno kama maji, au mganga, au hongo, likivuka hivyo hupoteza nusu ya uzito wake. Ya pili ni kwamba kazi ilitegemea mno mtu mmoja mmoja. Gwassa alimaliza kitabu chake kikubwa cha vita hivyo mwaka 1973. Kilichapwa mwaka 2005, tena Köln, Ujerumani. Miaka 32! Katika muda huo wanafunzi wetu walimjua Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, ambaye mchezo wake ulitoka mwaka 1969, kuliko Kinjikitile wa Ngarambe. Hatumlaumu mtunga mchezo, maana yeye hakuahidi historia. Lawama ni yetu tuliofundisha mchezo peke yake.

Tena tukumbuke jambo hili. Mwaka ule ule wa 1968, wakati wanachuo walipokuwa wakiandika maneno ya wazee wa kusini, gharika kubwa iliipiga Rufiji, na baada yake serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kukaa katika vijiji vya juu. Mtu akihamishwa, majina ya viwanja vyake, vijito vyake na madungu yake hayaandamani naye daima. Wasaa wa kuandika ulikuwa mfupi kuliko walivyodhani wenye chama.

Na leo wasaa umezidi kuwa mfupi. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa mwezi wa Desemba 2022, na mto hauendi tena kwa desturi yake yote ya kale. Kwa hiyo kurasa za Marsland zimekuwa ushahidi. Kindengereko nacho chaachwa na vijana kwa ajili ya Kiswahili, kama alivyoonyesha Eva-Marie Ström katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 2013. Si kwamba kazi imekufa: mwaka 1999 Felix Chami alitoa habari za shanga za Kirumi zilizopatikana katika nchi ya delta. Lakini shanga zaweza kungoja ardhini miaka elfu mbili. Mzee hawezi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi hukumu yetu ni hii: viongozi wa vyama walipokezana vema kuliko walivyoikabidhi kazi yenyewe. Mwalimu wa Kibiti, au wa Mohoro, au wa visiwa vya delta, asingoje mwenyekiti mpya. Aandike neno la mzee kwa lugha ya mzee, aweke tafsiri chini yake, atie siku na mahali, kisha nakala moja aiache kijijini. Chama kitakachozipokea nakala hizo kitakuwa na kazi ya kuendelea nayo, hata kiti chake kikiwa kitupu.