Bamvua Ndani ya Nyumba: Kompyuta Ndogo na Ratiba ya Kaya ya Kibuyuni

Kompyuta ambayo mtu huiunda kwa mapenzi yake mwenyewe, jioni baada ya kazi, juu ya meza ileile ambayo watoto huifanyia kazi za shule, hudumu au hutupwa kwa kadiri inavyoweza kuingia katika mwendo wa nyumba inamokaa. Uchambuzi huu unachukua mradi mmoja wa aina hiyo, yaani ukokotoaji wa kujaa na kupwa kwa maji kwa kompyuta ya nyumbani, na kuupima katika mazingira ya Kibuyuni, kijiji cha Kaunti ya Kwale kilicho karibu na Shimoni, ambako kilimo cha mwani, kinachofanywa zaidi na wanawake, kimeifanya bahari kuwa saa ya pili ya kila kaya. Mradi huu unafaa kuliko mingi ambayo wapenzi wa kompyuta huanza nayo, kwa sababu hesabu yake ni ndogo, hauhitaji intaneti, na jibu lake hukaguliwa kila siku na watu ambao huenda hawajawahi kugusa kompyuta lakini wanaijua bahari.

Mwani hufungwa vipande vipande kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi vilivyopigwa mchangani, na mkulima huweza kuufunga, kuusafisha na kuuvuna pale tu maji yanapokupwa vya kutosha, hivyo kazi yote hubanwa katika siku za bamvua na kusimama katika siku za maji mafu. Kwenye pwani hii maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tena usiku, kisha wakati huo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo kaya ambayo leo mama yake yuko majini saa tano itamkosa saa za mchana siku tatu baadaye, na mtu wa kumpokea mtoto, wa kupika na wa kwenda dukani hubadilika pamoja na maji. Wazee hujua bamvua kwa kuhesabu siku za mwezi, tena bila makosa, na hakuna kompyuta inayohitajika kwa hilo. Kinachoongezwa na kompyuta ni dakika, na urefu wa muda wa kazi, na uwezo wa kuyaona yote hayo wiki kadhaa kabla, wakati familia bado inaweza kupanga nani atakuwa wapi.

Msingi wa hesabu ni kwamba kupanda na kushuka kwa bahari ni jumla ya midundo mingi inayotokana na mwendo wa mwezi na jua, kila mdundo ukiwa na muda wake usiobadilika. Mdundo mmoja huitwa kijenzi, na kwa kila bandari huelezwa kwa namba mbili: kimo, yaani kiasi ambacho kijenzi hupandisha au kushusha maji kutoka usawa wa wastani, na awamu, yaani jinsi kinavyochelewa nyuma ya mwezi au jua linalokisababisha. Kijenzi kikuu cha mwezi, kinachoandikwa M2, hujirudia kila baada ya saa 12.42, na kile kikuu cha jua, S2, kila baada ya saa 12 kamili. Mombasa kimo cha M2 ni takriban mita 1.05 na cha S2 takriban mita 0.52. Vinapokwenda pamoja maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 1.57 kutoka wastani, na hiyo ndiyo bamvua. Vinapopingana hubaki kiasi cha mita 0.53 tu, na hayo ndiyo maji mafu. Na kwa kuwa tofauti ya miendo yao ni ndogo, hupatana tena kila baada ya siku 14.77. Vijenzi hivi viwili tayari vinaeleza sehemu kubwa ya kile ambacho mkulima wa mwani hukiona kila mwezi, na vingine, kama N2 kinachotokana na mwezi kuikaribia na kuiacha dunia, huja kusahihisha.

Hesabu hii ilifanywa kwa shaba na uzi kabla ya kufanywa kwa umeme. Mwaka 1872 William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alibuni mashine ambayo ndani yake kila kijenzi kilikuwa na gurudumu na kapi yake, na uzi mmoja uliopita juu ya kapi zote ukajumlisha miendo yao na kuichora kwenye karatasi. Arthur Doodson alitumia mashine za ukoo huo karibu na Liverpool kukokotoa maji ya fukwe za Normandy kwa ajili ya uvamizi wa Juni 1944, na mashine zake mbili ziliwekwa mbalimbali ili bomu moja lisiziharibu zote. Leo kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, kama Raspberry Pi iliyotolewa Uingereza Februari 2012 na Eben Upton na wenzake kwa nia ya kuwafundisha watoto kuandika programu, humaliza jedwali la mwaka mzima kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai. Programu zipo tayari na ni za bure: XTide ya Mmarekani David Flater, iliyoanza kama kazi ya mtu mmoja, na UTide ya Daniel Codiga ya mwaka 2011, ambayo hutafuta vimo na awamu kutokana na vipimo vilivyokwisha kurekodiwa. Vipimo vya saa kwa saa vya Mombasa vinapatikana bure kutoka kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii, hivyo mtu wa Kibuyuni anaweza kuvipakua mara moja tu, siku atakayopata intaneti nzuri, na kufanya kazi bila mtandao tangu hapo.

Jiografia nayo inasaidia. Jedwali la maji halijui hali ya hewa, na katika nchi za kaskazini dhoruba inayoshusha kanieneo ya hewa na kusukuma maji pwani huweza kuongeza mita nzima juu ya utabiri. Lakini kanieneo ikishuka kwa milibari moja bahari hupanda kwa sentimita moja tu, na karibu na ikweta kanieneo hubadilika kwa milibari chache siku hadi siku. Kusi kali hulundika maji ufukweni kidogo. Zaidi ya hapo, mwezi na jua ndio wenye kauli, na ndiyo maana utabiri wa nyumbani katika pwani hii huweza kuwa sahihi kwa kiwango ambacho mwenzake wa Uholanzi hawezi kukitegemea.

Mahali ambapo miradi mingi ya aina hii hukosea ni katika kuamua kompyuta itoe nini. Mpenzi wa kompyuta hupenda kuonyesha mchoro wa wimbi uliopinda vizuri, wenye kimo cha maji kwa sentimita, lakini hakuna mtu nyumbani aliyeomba sentimita. Swali la nyumba ni kwamba shamba litaingilika saa ngapi na maji yatarudi saa ngapi. Swali hilo hujibiwa kwa kuongeza namba moja tu, kizingiti cha shamba, yaani kimo cha maji ambacho chini yake mkulima anaweza kufanya kazi amesimama, na namba hiyo haipatikani katika kitabu chochote, bali kwa mkulima mwenyewe anayesema ni wakati gani maji yalimfika magotini penye vigingi vyake. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kizingiti ni mita 1.2 chini ya wastani, vijenzi viwili vilivyotajwa hutoa jibu hili: siku ya kilele cha bamvua kazi inawezekana kwa takriban saa mbili na dakika 46, siku tatu baadaye muda huo hupungua hadi saa moja na dakika 34 hivi, na kabla ya siku ya nne kwisha shamba halifikiki tena. Ukihesabu pande zote mbili za kilele, siku za kazi ni kama saba katika kila siku 14.77. Shamba lililo juu kidogo au chini kidogo lina kizingiti chake, kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuwa na ratiba mbili zilizo sahihi zote.

Tatizo la kiufundi linalostahili kuzingatiwa kuliko yote ni saa. Raspberry Pi za miaka ya mwanzo hazina saa yenye betri. Hupata wakati kutoka intaneti, na intaneti ikikosekana huendelea kutoka wakati wa mwisho uliohifadhiwa kabla ya umeme kukatika. Umeme ukipotea usiku kwa saa tano, asubuhi kompyuta huamka ikiwa nyuma saa tano, kisha hukokotoa bila kosa lolote maji ya wakati usio wake, na kusema maji yamekupwa ilhali yamejaa. Katikati ya kujaa kwa bamvua maji hupanda karibu sentimita 80 kwa saa, kwa hiyo hata kosa la dakika kumi ni sentimita 13, ambazo ni tofauti ya goti na paja. Dawa yake ni kuunganisha kipande kidogo cha saa chenye betri ya kidonge. Kile kinachoitwa DS3231, ambacho hujipima joto na kujirekebisha, hupotea kwa takriban dakika moja kwa mwaka, wakati saa ya kawaida isiyojirekebisha huweza kupotea dakika kumi au zaidi. Toleo la Raspberry Pi 5 la mwaka 2023 limekuja na saa ndani yake, lakini betri bado hununuliwa kando, na atakayeisahau atarudi kwenye tatizo lilelile.

Kisha wakati huo lazima uandikwe kama unavyosemwa nyumbani. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, nyumba huhesabu kuanzia macheo, na tofauti hiyo huondolewa kwa kupunguza saa sita, na sifuri kuandikwa kumi na mbili, hata 10:40 ya kompyuta ikatoka kuwa saa nne na dakika 40. Tarehe ina ugumu zaidi, kwa kuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao katika nyumba ya Kiislamu ni usiku wa Ijumaa, kompyuta huuita Alhamisi hadi katikati yake. Maji ya usiku yakiandikwa chini ya siku isiyotarajiwa, mtu atakwenda pwani usiku usio wake, na busara ni kuyaandika kwa maneno kamili, “usiku wa kuamkia” siku fulani, hata kama mstari unarefuka. Mwandishi wa programu akifika hapo, nyakati za swala ni hatua fupi, kwa sababu nazo hutokana na pembe za jua, na ratiba inayoonyesha kwamba Adhuhuri itaingia wakati watu wako majini ina manufaa kuliko majedwali mawili yaliyotenganishwa.

Umeme ukikatika ghafla huharibu pia kadi ya kumbukumbu, hasa kompyuta inapokuwa katikati ya kuandika, na tiba iliyo rahisi ni kuifunga kadi isiandikwe kabisa baada ya mfumo kukamilika. Hewa ya chumvi ni adui wa polepole: hula miguu ya viunganishi, na kisanduku kikizibwa ili kuizuia, joto hubaki ndani. Kompyuta ndogo isiyopata moto, ndani ya kisanduku kilichozibwa chenye pakiti ya chembe za kunyonya unyevu, hudumu kuliko yenye nguvu inayohitaji feni ya kuvuta hewa ileile ya bahari. Kwa skrini, ile ya wino wa kielektroniki, ambayo hubaki na maandishi yake hata umeme ukizimwa, inastahili bei yake. Vinginevyo karatasi iliyochapwa kila bamvua na kubandikwa karibu na jiko hufanya kazi hiyo vilevile.

Tabia za mwenye mradi zina uzito sawa na vifaa vyake. Raspberry Pi huunganishwa na televisheni, kama zilivyokuwa kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, na nyumba yenye televisheni moja haitaiachia kwa furaha wakati wa taarifa ya habari. Afadhali kazi ya kuandika programu iwe na wakati wake unaojulikana, tuseme baada ya Isha, kuliko kuibiwa dakika kwa dakika na kuwaudhi wengine kila siku. Lililo muhimu zaidi ni kutenganisha mashine ya nyumba na mashine ya majaribio. Mara familia inapoanza kupanga siku zake kwa ratiba fulani, mashine inayoitoa si mali ya mpenzi wa kompyuta peke yake, na hana ruhusa ya kuifungua usiku wa kuamkia bamvua ili ajaribu toleo jipya. Kila badiliko huandikwa katika daftari la karatasi kwa tarehe, ili yeyote nyumbani, hata yeye asipokuwapo, aweze kurudisha kadi ya akiba iliyokuwa ikifanya kazi.

Namba za Mombasa hazitoshi milele, ingawa maji hujaa na kupwa karibu wakati mmoja kwenye pwani yote hii, kwa sababu miamba huzuia maji ya kupwa yasitoke upesi na hali ya mlangobahari kati ya bara na kisiwa cha Wasini si ile ya Kilindini, bandari ya Mombasa. Kinachohitajika ni mti uliopakwa rangi kila sentimita kumi, uliosimikwa mahali pasipohama, na mtu wa kuusoma kila saa na kuandika. Hapa watoto wa nyumba ni wapimaji halisi, na kazi yao haihitaji kompyuta. Urefu wa kupima hauamuliwi na hamu ya mtu: ili M2 na S2 vitenganishwe vipimo lazima vifike siku 14.77, ambao ni muda wa kupatana kwao. N2 huhitaji siku 27.55 ili kitengane na M2; na kijenzi kiitwacho K2, kilicho karibu sana na S2, hakijitengi kabla ya takriban miezi sita. Mfululizo wa siku 15 unatosha kupata vijenzi viwili vikubwa vya Kibuyuni yenyewe, na K2 inaweza kuazimwa kutoka Mombasa kwa uwiano wake na S2 hadi vipimo vya nyumbani vitakapofika urefu huo.