Kozi za lugha vyuoni zimemsahau mgonjwa

VYUO vikuu vyetu vingi huwafunza wanafunzi wa mwaka wa kwanza Stadi za Mawasiliano. Wanaosomea udaktari, uuguzi na ufamasia hujifunza kuandika insha, kutaja marejeleo na kuhutubia, yote kwa Kiingereza. Hayo ni mema. Bila hayo tasnifu haiandikiki.

Kasoro ni kwamba kozi hiyo humwandaa mwanafunzi kuzungumza na mhadhiri, si na mgonjwa.

Chukua maelezo ya dawa. 'Moja mara tatu' kwa mfamasia ni tembe moja asubuhi, mchana na jioni. Mgonjwa naye atajiuliza: si hizo ni tatu kwa mpigo? 'Kila saa nane' ina utata zaidi, kwani kwa Mswahili saa nane ni wakati baada ya adhuhuri. Basi mama atameza dozi moja kwa siku badala ya tatu, na asipopona, alaumiwe yeye! Kumbe angeambiwa tu: meza saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku.

Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Daktari aliyekiacha Kiswahili kidato cha nne ataitimizaje?

Idara za Kiswahili na vitivo vya tiba vitunge kozi hii pamoja, na mwanafunzi atahiniwe kwa mazungumzo, si kwa insha pekee.